Nani Mwenye Kauli juu ya Maegesho ya Barabara ya Mtaani?

Katika kata nyingi ambako mashamba ya jana yamegeuka viwanja vya leo, magari yameongezeka kuliko nafasi za kuyalaza. Barabara zilizopimwa kwa ajili ya kupita sasa zimekuwa pia mahali pa kuegesha. Humo huonekana magari ya wenye nyumba, ya wapangaji na ya wageni, bajaji zinazosubiri abiria, malori ya mchanga yaliyochelewa kushusha, na daladala zinazolala zikingoja alfajiri. Mahali pengine majirani wameamua kulitatua jambo hili wenyewe. Jumuiya ya wakazi huitisha kikao, hupitisha kanuni, husimamisha kibao, hugawa stika kwa wanaolipa, na wakati mwingine hupanga mawe kando ya njia au hufunga mnyororo kwenye gurudumu la gari lisilo na stika.

Nia ya majirani hao mara nyingi ni njema. Hata hivyo nia njema haimpi mtu mamlaka. Wakazi wengi wamekuwa wakiuliza iwapo jumuiya inaweza kuwakataza, kuwatoza au kuwaadhibu kwa sababu ya gari lililoegeshwa kwenye barabara ya mtaani. Jibu kwa ufupi ni kwamba haiwezi, ikiwa barabara hiyo ni ya umma. Jumuiya inawaongoza wanachama wake kwa makubaliano yao, na inasimamia mali iliyo yake. Haina mamlaka juu ya barabara ya umma wala juu ya mtu anayeitumia. Makala haya yanaeleza sababu ya jibu hilo, mipaka yake, na njia halali ya kufuata pale ambapo maegesho yamekuwa kero ya kweli.

Jumuiya ya wakazi ni nini mbele ya sheria

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 20, inatambua uhuru wa watu kukutana na kushirikiana. Kwa msingi huo wakazi wanaweza kuunda umoja wao, kuusajili kwa mujibu wa sheria, kuchagua viongozi, kufungua akaunti na kuchangishana. Vyombo vya namna hii vimefanya mengi ya kupongezwa. Vimefukia mashimo, vimezibua mitaro, vimeweka taa na vimewalipa walinzi.

Lakini jumuiya ni chombo cha hiari. Kanuni zake ni mapatano baina ya watu walioziridhia, na mapatano humfunga aliyeyakubali. Mwanachama aliyeahidi mchango wa kila mwezi anaweza kudaiwa mchango huo kama deni lolote la makubaliano. Mpangaji ambaye hakuingia katika mapatano hayo, mgeni aliyekuja msibani au dereva aliyeleta bati hawafungwi nayo, hata kama kibao kimeandikwa kwa herufi kubwa na kuwekwa mahali pa wazi.

Hapa ndipo jumuiya inapotofautiana na serikali ya mtaa au ya kijiji. Serikali hizo zimewekwa na sheria: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, zote zilizotungwa mwaka 1982. Mwenyekiti wa jumuiya ya wakazi, hata akiwa mtu anayeheshimika kuliko wote katika eneo lake, si mwenyekiti wa kijiji wala wa mtaa, na muhuri wake si muhuri wa serikali.

Ardhi iliyo chini ya gurudumu ni ya nani?

Ugomvi mwingi wa maegesho ungekwisha mapema kama swali hili lingeulizwa kwanza. Mamlaka juu ya maegesho hufuata hadhi ya ardhi ambayo gari limesimama juu yake. Kuna hali nne zinazokutwa mara kwa mara.

Hali ya kwanza ni barabara kuu na barabara za mkoa. Hizi husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS. Hifadhi yake kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kwa kila upande. Eneo hilo lote ni la barabara, hata pale ambapo lami yenyewe ni nyembamba na pembeni pameota majani.

Hali ya pili ni barabara za wilaya, ambazo ni pamoja na nyingi za barabara za mitaani na za vijijini. Kwa miaka mingi zilihudumiwa na halmashauri zenyewe, na ndiyo maana wakazi wengi hadi leo huzipeleka hoja zao kwa mhandisi wa halmashauri. Tangu mwaka 2017 jukumu hilo liko kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Barabara inaweza kuwa ya vumbi, isiyo na mtaro wala jina, na bado ikawa barabara ya umma kamili.

Hali ya tatu ni njia zilizopatikana kwa upimaji wa viwanja au kwa urasimishaji wa makazi. Hapa ndipo pana utata mkubwa zaidi. Katika urasimishaji, majirani hukaa pamoja na wataalamu, na kila mmoja huachia sehemu ya ardhi yake ili njia ipatikane. Miaka michache baadaye mmoja wao, akikumbuka kwamba kipande kile kilikuwa shamba la baba yake, huona ana haki ya kuzuia gari la mtu mwingine lisisimame hapo. Kumbukumbu yake ni ya kweli, ila haki hiyo haipo tena. Mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji vikishaidhinishwa na kuonyesha eneo hilo kuwa barabara, ardhi ile imekuwa ya matumizi ya umma. Mwenye kiwanja anamiliki kilicho ndani ya bikoni zake. Ukanda ulio kati ya ukuta wake na njia ya magari, ambao wengi huuita "mbele ya nyumba yangu", kwa kawaida uko nje ya bikoni hizo na ni sehemu ya hifadhi ya barabara.

Hali hiyo huwahusu pia walionunua viwanja kwenye miradi ya makampuni. Mkataba wa mauziano unaweza kuwa na masharti juu ya urefu wa ukuta, aina ya paa au mchango wa usafi, na masharti hayo yanaweza kumfunga mnunuzi. Hayawezi kuigeuza barabara iliyotengwa kwa umma katika ramani iliyoidhinishwa iwe mali ya mradi, wala kuwafunga watu ambao hawakutia saini mkataba huo.

Hali ya nne ni ardhi isiyo ya umma, nayo ndiyo ngome halali ya jumuiya. Uwanja ulio ndani ya kiwanja kimoja, njia ya ndani ya eneo lenye hati moja, au maegesho ya jengo la ghorofa lenye wamiliki wengi, yote hayo ni mali ya watu binafsi au mali ya pamoja ya wamiliki. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo inautambua umoja wa wamiliki wa jengo na kuupa kazi ya kusimamia maeneo yao ya pamoja. Humo umoja unaweza kugawa nafasi kwa namba, kuweka saa za wageni na kudai ada waliyokubaliana. Mamlaka hayo yanaishia kwenye mpaka wa kiwanja. Lango la jengo likishavukwa, sheria inayotawala ni ya barabara.

Anayetaka kujua barabara ya kwake iko katika hali ipi hana haja ya kubahatisha. Ofisi ya ardhi na mipango miji ya halmashauri hutunza michoro na ramani za upimaji, na ofisi ya TARURA ya wilaya ina orodha ya barabara inazozihudumia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Barabara nayo ni mali, na daftari lake lipo.

Mambo ambayo jumuiya haiwezi kuyafanya

Kutokana na maelezo hayo, yapo mambo ambayo jumuiya ya wakazi haina uwezo nayo kwenye barabara ya umma, hata kama wanachama wote wameyapigia kura.

Haiwezi kutoza fedha za maegesho. Ibara ya 138 ya Katiba inazuia kodi ya aina yoyote kutozwa bila msingi wa sheria, na ushuru au ada ya halmashauri huhitaji sheria ndogo. Mchango wa hiari wa wanachama kwa ajili ya mlinzi ni halali. Mchango huohuo ukigeuzwa sharti kwa kila gari linalosimama barabarani, unakuwa tozo isiyo na sheria. Malipo halali ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo na hutolewa stakabadhi ya serikali. Karatasi yenye muhuri wa jumuiya haichukui nafasi ya stakabadhi hiyo.

Haiwezi kufunga gari mnyororo, kulitoa upepo, kuliburuta wala kulishikilia mpaka mwenyewe alipe. Anayeharibu gari la mtu kwa kisingizio cha kanuni za mtaa anaweza kushtakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na anaweza pia kudaiwa fidia. Kusema kwamba "kikao kiliamua" si kinga.

Haiwezi kugawa nafasi za barabarani kwa wenye nyumba. Mwenye nyumba hana haki ya peke yake juu ya sehemu ya barabara iliyo mkabala na geti lake. Anachoweza kudai ni kwamba geti lake lisizibwe ili aweze kuingia na kutoka.

Haiwezi kuweka mawe, magogo, vigingi, matuta au vibao vya katazo bila kibali. Kuweka kitu ndani ya eneo la barabara bila idhini ya mamlaka ya barabara ni kosa chini ya Sheria ya Barabara. Jiwe lililopakwa chokaa huonekana mchana, lakini usiku wa mvua laweza kumwangusha mwendesha bodaboda, na aliyeliweka hawezi kusema kwamba halimhusu.

Haki ya kutumia barabara si haki ya kuiziba

Baadhi ya wakazi watayasoma maelezo haya na kudhani wameruhusiwa kuegesha watakavyo. Hawakuruhusiwa. Kutokuwapo kwa mamlaka ya jumuiya hakumaanishi kutokuwapo kwa sheria. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuliacha gari mahali ambapo linazuia au kuhatarisha watumiaji wengine, na askari wa usalama barabarani ana mamlaka ya kumwamuru dereva aliondoe.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme njia ya magari katika mtaa ina upana wa mita 6. Gari dogo la kawaida lina upana wa karibu mita 1.8. Magari mawili yakiegeshwa yakitazamana, moja kila upande, yanachukua mita 3.6, na njia inayobaki ni mita 2.4. Gari kubwa la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5. Halitapita, hata kama limefika kwa wakati na lina maji ya kutosha. Gari la wagonjwa laweza kupita kwa shida, na lori la taka litageuza na kuondoka. Kwa mama aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku, au kwa nyumba inayoungua, zile sentimita kumi zinazokosekana ni suala la uhai.

Kwa hiyo dereva mwema huegesha upande mmoja wa mtaa mwembamba, haachi gari kwenye kona, kwenye makutano, juu ya kalavati au mbele ya geti la mtu, wala halazi lori katika njia ya makazi. Gereji ya barabarani, tofali zilizopangwa njiani na mchanga uliomwagwa kwa wiki nzima ni vizuizi kama gari lolote. Palipo na arusi au msiba, busara ni kumjulisha mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa mapema na kuweka vijana wa kuelekeza magari ili njia ya katikati ibaki wazi.

Geti la ulinzi wa usiku

Suala lililo karibu na maegesho ni geti au kamba inayofungwa usiku kwa ajili ya ulinzi. Wizi wa vifaa vya magari umewafanya wakazi wengi kuona geti kuwa dawa. Ulinzi shirikishi ni utaratibu unaotambuliwa, nao hufanyika kwa ushirikiano na polisi kata na serikali ya kijiji au ya mtaa. Hata hivyo kuifunga barabara ya umma ni jambo jingine, na huhitaji idhini ya mamlaka ya barabara.

Pale ambapo idhini imetolewa, geti huwa la kumtambua anayepita, si la kumzuia. Mlinzi awepo muda wote linapokuwa limefungwa, lifunguliwe bila malipo, na gari la wagonjwa, la polisi au la zimamoto lisisubirishwe hata dakika moja. Geti lenye kufuli ambalo funguo zake ziko kwa mtu aliyelala ni hatari kuliko mwizi anayehofiwa.

Njia halali ya kupata utaratibu wa maegesho

Jumuiya isiyo na mamlaka ya kuamua bado ina nguvu kubwa ya kuanzisha jambo. Majirani ndio wanaojua saa ambazo njia huziba, kona inayosababisha ajali na uwanja ulio wazi unaoweza kutumika. Ujuzi huo ukifikishwa panapostahili huzaa utaratibu wenye nguvu ya sheria, unaomfunga kila mtu na si wanachama peke yao. Hatua ni hizi:

1. Jumuiya iandike hoja yake kwa ufupi: jina la barabara au eneo, kero yenyewe, saa inapotokea, na pendekezo. Picha chache na mchoro wa mkono husaidia.

2. Hoja ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa ili ijadiliwe katika mkutano mkuu. Mkutano huo ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wapangaji wakiwemo. Hapo mwenye gari, asiye na gari na mwenye genge la mboga wote wana sauti.

3. Muhtasari wa mkutano upelekwe kwa mtendaji wa kata ili uingie katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani.

4. Kama kinachohitajika ni alama, kibao, tuta au katazo la kuegesha upande mmoja, kata huwasiliana na TARURA, au TANROADS kwa barabara zake, pamoja na polisi wa usalama barabarani. Wahandisi hupima na kuamua.

5. Kama kinachohitajika ni ada, adhabu au utaratibu wa kudumu wa eneo zima, basi panahitajika sheria ndogo. Halmashauri huiandaa, huwatangazia wananchi ili watoe maoni na pingamizi, na baada ya kuridhiwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Halmashauri ya kijiji nayo inaweza kutunga sheria ndogo kwa eneo lake, zikajadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa na kitongoji havina uwezo huo.

Njia hii ni ndefu kuliko kupanga mawe barabarani. Urefu wake una maana. Kila hatua humpa nafasi ya kusema mtu ambaye hakuwapo katika kikao cha jumuiya, na barabara ni ya mtu huyo pia.

Mkazi aliyetozwa au aliyefungiwa gari afanye nini

Mkazi aliyedaiwa fedha aombe kwanza kuonyeshwa sheria ndogo inayohusika na apewe stakabadhi ya serikali. Visipokuwepo, hana wajibu wa kulipa. Asigombane wala asivunje mnyororo kwa hasira. Apige picha, aandike tarehe, saa na majina ya mashahidi, kisha atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji, wa mtaa au wa kata. Gari likiwa limeharibiwa, limechukuliwa au limezuiwa, taarifa itolewe kituo cha polisi. Mgogoro ukiwa juu ya mpaka wa kiwanja na barabara, ofisi ya ardhi ya halmashauri ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa bikoni na ramani ndizo zitakazotoa jibu.

Kwa upande wa pili, mkazi aliyezibiwa geti au njia amtafute kwanza mwenye gari kwa heshima, kwa sababu mambo mengi ya ujirani huishia hapo. Ikishindikana, polisi hupatikana kwa namba 112. Panapotokea moto na njia imezibwa, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, na mpigaji aeleze mapema njia ipi inapitika.

Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu kulinda mali ya umma na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Barabara ya mtaani ni miongoni mwa mali hizo, na ndiyo tunayoikanyaga kila siku. Jumuiya za wakazi zinahimizwa kupitia upya kanuni zao, kuondoa mawe na vibao visivyo na kibali, na kuwasilisha hoja za maegesho kwa watendaji wa kata kabla ya mikutano mikuu ijayo ya vijiji na mitaa.